Kutoka Kilimia hadi Galaksi: Anga la Goziba na Historia ya Istilahi za Falaki katika Kiswahili

Kisiwa cha Goziba kimo ndani ya Ziwa Viktoria, mbali na ufuko wa Muleba, katika Mkoa wa Kagera. Ni kisiwa cha wavuvi. Wakazi wa mialo ya ziwa hili wametoka pande nyingi: wamo Wahaya, Wakerewe, Wajita, Wakara, Wasukuma na wengineo, na lugha inayowaunganisha kazini, sokoni na hata katika ugomvi ni Kiswahili. Mojawapo ya kazi zao kubwa, uvuvi wa dagaa, hufanyika usiku kwa taa. Taa huelea juu ya maji, dagaa huvutwa na mwanga, kisha hukusanywa kwa wavu. Kazi hiyo haifai wakati wa mbalamwezi, kwa kuwa mwezi ukiangaza ziwa zima taa ya mvuvi hupoteza nguvu yake ya kuvuta samaki. Kwa hiyo wavuvi wa dagaa huuhesabu mwezi kwa makini. Ziko siku za giza, ambazo ni za kuingia majini. Na ziko siku za mbalamwezi, ambazo ni za kushona nyavu na kupumzika.

Siku hizo za giza ndizo hizo hizo ambazo wanafalaki wa dunia nzima huzitamani. Goziba iko kati ya digrii 1 na 2 kusini ya ikweta, na kutoka mahali hapo anga lote la kusini na karibu anga lote la kaskazini huonekana kwa nyakati tofauti za mwaka. Kati ya mwezi wa Novemba na Desemba, mvua zikikatika na mawingu yakifunguka, yapata saa tatu usiku mtu aliye ndani ya mtumbwi akitazama kaskazini anaweza kuona doa hafifu la mwanga, kama moshi, karibu nusu ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini. Hiyo ni galaksi ya Andromeda, iliyo umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 2.5. Akigeuka kusini wakati ule ule, ataona karibu na upeo wa macho wingu dogo lisilosogea pamoja na mawingu mengine. Hilo ni Wingu Dogo la Magellan, lililo umbali wa takriban miaka ya nuru 200,000. Usiku ukiendelea, Wingu Kubwa la Magellan nalo hupanda juu. Mwezi wa Agosti, mkanda mpana wa mwanga hupita juu ya ziwa, na kitovu chake huonekana upande wa kusini, juu kabisa ya mawimbi. Mkanda huo ni galaksi yetu wenyewe, ikitazamwa kutoka ndani.

Basi, galaksi nne zinazotajwa mara nyingi kuwa zinaonekana kwa macho matupu zote zinaonekana kutoka Goziba. Watu wengi wa Ulaya kaskazini, walikotoka wengi walioandika vitabu vya somo hili, hawawezi kuyaona Mawingu ya Magellan mpaka wasafiri kuelekea kusini. Hata hivyo, kijana wa kisiwani akifika chuo kikuu na kuchagua fizikia, sifa za galaksi, yaani umbo lake, mwangaza wake, rangi yake, mzunguko wake, umbali wake na masi yake, atafundishwa kwa Kiingereza. Mhadhara huu unafuatilia jinsi hali hiyo ilivyotokea kwa upande wa maneno: Kiswahili kiliita nini vitu vya angani, kilikopa nini na kutoka wapi, na kwa nini neno galaksi lilichelewa.

Nyota za wakulima na nyota za manahodha

Msamiati wa kale wa nyota katika Kiswahili una matabaka mawili yanayotenganika bila shida. Tabaka la kwanza ni la Kibantu. Neno nyota lenyewe limo humo, na vivyo hivyo mwezi, jua na kimondo. Lililo la thamani kubwa zaidi kwa mwanahistoria wa lugha ni kilimia, jina la kishada cha nyota ambacho Waarabu hukiita Thurea. Mzizi wake ni -lim-, ule ule wa kulima. Neno hili lina ndugu mbali sana kusini: Wazulu na Waxhosa husema isiLimela, na Wasotho husema selemela. Lugha zilizotengana kwa maelfu ya kilomita, zisizo na historia ya karibu ya kuazimana, zimeshika jina moja lenye maana moja: nyota zinazotangaza kulima. Hapana budi kukubali kwamba jina hilo ni la kale mno, na kwamba waliolibeba walikuwa wakitazama anga kwa utaratibu, si kwa kubahatisha. Methali mashuhuri ya pwani huhusisha kuzama na kuzuka kwa Kilimia na kupokezana kwa jua na mvua. Ndani yake mna uchunguzi wa miaka mingi uliofupishwa katika sentensi moja.

Tabaka la pili ni la Kiarabu, na lilikuja kwa njia ya bahari na ya madrasa. Falaki, sayari, buruji, na majina ya sayari zenyewe, yaani Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mushtarii na Zohali, yote ni ya tabaka hili. Manahodha nao waliongeza majina ya mielekeo: kamusi za zamani zina suheli kwa maana ya kusini, na chanzo chake ni jina la Kiarabu la nyota Canopus. Kwa upande wa kaskazini walikuwa na jaa, kutokana na jina la Kiarabu la nyota ya ncha ya kaskazini. Hapa kuna jambo la kuchekesha kidogo. Nyota hiyo ya kaskazini haionekani kusini ya ikweta. Nahodha aliyekuwa Lamu au Kilwa alitaja kaskazini kwa jina la nyota iliyozama chini ya bahari siku nyingi kabla hajafika kwao. Mwalimu Julius Nyerere alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar, tafsiri iliyotoka mwaka 1963, alikutana na tatizo lilo hilo: Caesar anajifananisha na nyota ya kaskazini kwa uthabiti wake, na mfasiri alizaliwa Butiama, upande wa pili wa ziwa lile lile la Goziba, ambako nyota hiyo haijapata kuonwa na mtu.

Kando ya matabaka hayo kulikuwa na kalenda. Waswahili wa pwani walikuwa na mwaka wa jua ulioanza kwa Nairuzi, wenye asili ya Uajemi, na waliugawa katika miongo, yaani makundi ya siku kumi kumi. Wakulima na manahodha walihesabu kwa miongo, huku ibada zikifuata mwezi mwandamo. Kumbukumbu yake ingali hai Makunduchi, Unguja, katika sherehe za Mwaka Kogwa.

Ikumbukwe pia kwamba maneno mawili makuu ya taaluma hii yalikuwa na kivuli. Unajimu ulikuwa utabiri. Falaki nayo, ingawa ni elimu ya mienendo ya nyota, iliingia katika msemo wa kupiga falaki, yaani kutafuta bahati kwa nyota. Kivuli hicho hakijaondoka. Marehemu Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki mwaka 2011, alijulikana Afrika Mashariki nzima kwa sifa ya mnajimu, na kila msikilizaji wa redio alijua maana yake. Leo mwandishi wa habari akiandika kwamba wanajimu wamegundua galaksi mpya, msomaji wa kawaida ana haki ya kuuliza kama wameigundua kwa darubini au kwa ramli. Wengine, kwa kukwepa hatari hiyo, huandika wanaanga, neno ambalo tayari lina kazi nyingine, kwa kuwa mwanaanga ni mtu anayesafiri angani. Neno mwanafalaki lipo na linatosha. Linachohitaji ni kutumiwa.

Wingu, kisiwa, njia

Mtu akilaumu Kiswahili kwa kukosa neno la galaksi, yafaa akumbushwe kwamba hata lugha za Ulaya zilikuwa na neno bila kuwa na dhana. Asili ya galaxy ni Kigiriki, gala, yaani maziwa. Kwa karne nyingi lilikuwa jina la kitu kimoja tu, ule mkanda wa mwanga angani. Halikuwa na wingi, kwa sababu kitu chenyewe hakikuwa na mwenziwe. Mwanafalaki Abd al-Rahman al-Sufi, katika kitabu chake cha nyota cha mwaka 964, alikwisha kulitaja lile doa la Andromeda kama wingu dogo. Galileo alitazama mkanda kwa darubini na mwaka 1610 akatangaza kwamba ni nyota nyingi mno zisizohesabika. Immanuel Kant mwaka 1755 alikisia kwamba yale mawingu madogo ni mifumo mingine ya nyota kama huu wetu. Katika karne ya 19 wazo hilo likapata jina ambalo msomaji wa Goziba angelipenda: Alexander von Humboldt aliandika juu ya visiwa vya ulimwengu, na Waingereza wakalichukua. Kila mfumo wa nyota ni kisiwa, na kati yake ni bahari tupu.

Lakini lilikuwa kisio. Ushahidi ulihitaji kipimo cha umbali, na kipimo kilipatikana katika lile wingu dogo la kusini. Henrietta Leavitt, akifanya kazi Harvard juu ya picha zilizopigwa Peru, aligundua na kuthibitisha mwaka 1912 kwamba baadhi ya nyota za Wingu Dogo la Magellan hupwa na kujaa mwanga kwa vipindi maalumu, na kwamba nyota yenye kipindi kirefu ndiyo yenye mwanga mkubwa zaidi. Ukijua kipindi, wajua mwanga halisi. Ukilinganisha mwanga halisi na ule unaouona, wajua umbali. Tarehe 26 Aprili 1920, Harlow Shapley na Heber Curtis walijadiliana hadharani mjini Washington kama ulimwengu ni kisiwa kimoja kikubwa au ni visiwa vingi. Mjadala haukuamua. Aliyeamua ni Edwin Hubble, aliyeipata nyota ya aina ile ya Leavitt ndani ya Andromeda mwaka 1923; matokeo yake yalisomwa mbele ya wanataaluma tarehe 1 Januari 1925. Tangu hapo neno galaxy likapata wingi.

Kwa maneno mengine, dhana ya galaksi nyingi ilikuwa na umri wa miaka mitano tu wakati Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi ya kusanifisha Kiswahili mwaka 1930. Kamusi mbili kubwa za 1939, ile ya Frederick Johnson na ile ya Padri Charles Sacleux kwa Kifaransa, zilikusanya maneno yaliyokuwa vinywani mwa watu. Hazikuwa na sababu ya kutafuta jina la kitu ambacho hata Ulaya kilikuwa kigeni.

Baadaye, watafsiri walipolihitaji neno, walifuata njia tatu, na kila moja iliacha alama. Ya kwanza ilikuwa kueleza: kundi la nyota. Hii ndiyo iliyoleta hasara kubwa zaidi, kwa maana kundi la nyota lilitumiwa pia kwa mambo mengine mawili. Nyota ambazo jicho huziunganisha kuwa umbo la mtu au mnyama huitwa kundinyota, ijapokuwa hazina uhusiano wowote kati yao na ziko umbali tofauti kabisa. Kilimia nacho ni kundi la nyota, na hicho ni kishada cha kweli: nyota zaidi ya 1,000 zilizozaliwa pamoja, umbali wa takriban miaka ya nuru 440. Galaksi ni jambo jingine. Yetu ina nyota zisizopungua bilioni 100. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba kundi la nyota lina makundi ya nyota, na kwamba makundi ya nyota yanayoonekana si makundi, hana kosa akikata tamaa.

Njia ya pili ilikuwa kutafsiri kisanamu: Njia ya Maziwa. Tafsiri hii ni sahihi na wakati huo huo ina mtego, kwa sababu Kiswahili kina maneno mawili yenye umbo moja. Maziwa ni kinywaji, na maziwa ni wingi wa ziwa. Mzungumzaji wa Kanda ya Ziwa anaposikia Njia ya Maziwa ana kila sababu ya kufikiri juu ya Viktoria, Tanganyika na Nyasa kabla hajafikiri juu ya ng'ombe. Kosa hilo lina uzuri wake, lakini halimpeleki msomaji kwenye maana. Wengine wamependelea Njia Nyeupe, ambayo haina utata huo. (Kuna kishawishi kingine hapa kwa wanaopenda asili za maneno: sauti ya Kibantu-asili *b huwa w katika Kiswahili, na ziwa lina ndugu zake wenye -ziba katika lugha jirani, je, Goziba isiwe ndimo hapo? Mwanaisimu mwangalifu atakumbuka kwamba mfanano wa sauti si ushahidi wa asili, hasa katika majina ya mahali, na ataendelea na safari yake.)

Njia ya tatu ilikuwa kutohoa: galaksi. Ndilo neno lililoshinda, na ushindi wake unaeleweka kifonolojia. Mfuatano wa k na s si wa Kibantu, lakini teksi, boksi na faksi zilikuwa zimekwisha kuufungulia mlango, na irabu ya mwisho ilimaliza kazi. Likaingia ngeli ya galaksi hii, galaksi hizi, bila ubishi. Wanaisimu hawana nafasi ya kulalamika juu ya tohozi hili. Wao wenyewe walipoanza kufundisha isimu kwa Kiswahili walichukua fonimu, mofimu na sintaksia, na H. J. M. Mwansoko, aliyeandika tasnifu juu ya istilahi za isimu na fasihi mwaka 1990, alionyesha jinsi istilahi zinavyopata nguvu kwa kutumika darasani kuliko kwa kutangazwa.

Uhuru

Kuna sura moja ya historia hii ambayo hutajwa mara chache katika mijadala ya lugha, ingawa ndiyo inayogusa Kiswahili kwa karibu zaidi. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililojengwa na Waitalia baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, ilirushwa roketi ya Marekani ikiwa na setilaiti ndogo. Mahali palichaguliwa kwa sababu ya ikweta: setilaiti ikirushwa hapo kuelekea mashariki hufaidi kasi ya mzunguko wa dunia, na njia yake hukwepa sehemu kubwa ya mikanda ya mnururisho inayovuruga vyombo. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru. Kwa heshima ya wenyeji, Marjorie Townsend, aliyesimamia mradi huo NASA, aliipa setilaiti jina la Uhuru.

Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei kutoka angani. Ilifanya kazi hadi mwaka 1973. Orodha yake ya mwisho, iliyochapishwa mwaka 1978, ilikuwa na vyanzo 339. Kwa somo la galaksi, ugunduzi wake mkubwa ulikuwa kwamba mashada ya galaksi, kama lile la Coma na lile la Perseus, hutoa eksirei kwa wingi, na kwamba eksirei hizo zinatoka katika gesi yenye joto la mamilioni ya digrii iliyojaa nafasi kati ya galaksi. Ile bahari tupu kati ya visiwa haikuwa tupu. Riccardo Giacconi, aliyeongoza uchunguzi huo, alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002. Hadi leo vyanzo vingi vya eksirei angani hubeba herufi U katika majina yao, na herufi hiyo ni kifupisho cha neno la Kiswahili.

Hali hii inastahili kutazamwa kwa utulivu. Neno la Kiswahili limo katika kila kitabu kizito cha falaki ya eksirei, kutoka Chicago hadi Tokyo. Limo kama jina la heshima. Hakuna aliyehitaji kujua Kiswahili ili alitumie, na sayansi iliyofanyika kwa jina hilo haikuandikwa kwa Kiswahili. Wavuvi wa Ngomeni waliona moto wa roketi ukipanda. Maelezo ya kilichopatikana yaliwafuata kwa lugha nyingine, kama yalifika.

Istilahi na darasa

Taasisi zilikuwapo. Kamati ya 1930 ilizaa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1964, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967, mwaka ambao Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za umma Tanzania. Mwaka 1970 Idara ya Kiswahili ilianzishwa Dar es Salaam, ikafundisha isimu na fasihi kwa Kiswahili hadi shahada za juu. Hivyo hoja kwamba Kiswahili hakiwezi kufundishia chuo kikuu ilijibiwa kwa vitendo zaidi ya nusu karne iliyopita. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Hata hivyo TUKI ilitoa mwaka 1990 Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, kana kwamba darasa lilikuwa linasubiri. Darasa halikuwapo, na istilahi isiyo na darasa ni kama mtumbwi ulioachwa juani: hupasuka.

Matokeo yake yanaonekana katika mfumo wa jua wenyewe. Vitabu vya shule vimetumia Zebaki kwa sayari iliyo karibu zaidi na jua. Kosa limetoka katika Kiingereza, ambako neno moja, mercury, hutaja madini na sayari. Katika Kiswahili hivyo ni vitu viwili: zebaki ni madini ya kipimajoto, na sayari ni Utaridi. Jina la buruji Kausi nalo limewahi kupewa sayari ya Neptune. Mambo haya yangesahihishwa mapema kama kungekuwa na wanafunzi wa juu wanaoyatumia maneno hayo kila siku na kugombana juu yake. Katika shule ya sekondari, falaki ya msingi ilikuwa mada katika muhtasari wa fizikia wa kidato cha nne, kwa Kiingereza. Mtoto aliyejifunza jua na mwezi kwa Kiswahili alikutana na galaksi baada ya kubadilishiwa lugha.

Kazi iliyobaki ni ya kina, na inaanza pale neno galaksi linapokoma kutosha. Hubble aliziainisha galaksi mwaka 1926 kwa maumbo. Zile za umbo la yai hazina taabu: duaradufu ni neno la hisabati linalofahamika. Zile zenye mikono iliyojikunja zimeitwa na baadhi ya waandishi galaksi za parafujo. Parafujo ni neno la mafundi, lenye asili ya Kireno, na kila seremala analijua. Lakini ugumu uko hapa: parafujo hupanda, mzingo wake huenda juu kila unapozunguka, ilhali galaksi ya aina hii ni bapa kama sahani. Mtu angeweza kutetea mfano mwingine ulio karibu zaidi, yaani kitanga, mkeka mdogo wa duara ulioshonwa kwa ukili unaoanzia katikati na kuzungushwa hadi ukingoni. Ukili wa kitanga hujikunja bila kupanda. Huenda parafujo imekwisha kuota mizizi, na istilahi iliyoenea huwa na haki yake; ila mwalimu anayeeleza umbo hilo afadhali ashike kitanga mkononi kuliko parafujo.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Mwaka 1970 Vera Rubin na Kent Ford walichapisha vipimo vya mzunguko wa Andromeda. Ilitarajiwa kwamba sehemu za pembeni, zilizo mbali na kitovu chenye nyota nyingi, zizunguke polepole, kama vile sayari za mbali huzunguka jua polepole kuliko Utaridi. Haikuwa hivyo, sehemu za pembeni zilikwenda kwa kasi karibu sawa na zile za ndani. Vipimo vya namna hiyo katika galaksi nyingi vilionyesha kwamba lazima kuwe na maada nyingi isiyotoa nuru, inayozivuta. Kiingereza huiita kwa neno linaloweza kumaanisha yenye giza au yenye rangi ya kukoza, na mfasiri wa haraka huandika maada nyeusi. Hilo ni kosa la maana, si la mtindo. Kitu cheusi huzuia nuru, na mtu hukiona kwa kuzuia kwake. Maada hii haizuii wala haitoi, nuru hupita ndani yake kama hakuna kitu. Maada ya giza ni bora kidogo. Maada isiyoonekana ingekuwa bora zaidi, ingawa ni ndefu. Uamuzi huo hauwezi kufanywa na mwanaisimu peke yake, wala na mwanafizikia peke yake.

Wako waliojaribu kuziba pengo hilo nje ya kamati. Dkt. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania alifanya kazi ya miaka mingi ya kuleta falaki kwa umma na kwa walimu, na jua lilipopatwa kipete tarehe 1 Septemba 2016, watu kutoka sehemu nyingi walikusanyika Rujewa, mkoani Mbeya, kulitazama. Siku za namna hiyo watu huuliza maswali kwa Kiswahili, na anayejibu hulazimika kuunda istilahi papo hapo, mbele ya wasikilizaji ambao watamwonyesha kwa nyuso zao kama neno limefika.

Goziba nayo imebadilika. Karabai za mafuta ya taa ambazo kwa miongo mingi zilimulika Ziwa Viktoria zimeachia nafasi taa za umeme wa jua na betri, na usiku wa giza ziwa hujaa mianga kama mji. Anayetaka kuliona lile doa la Andromeda hulazimika kugeuka ayape mgongo mataa. Lakini bado anajua usiku upi utakuwa na giza, saa ngapi mwezi utatoka, na siku ngapi zimebaki kabla ya mbalamwezi kurudi. Na mhadhiri yeyote atakayewaleta wanafunzi wa fizikia kisiwani kwa vitendo atalazimika kupanga ratiba yake kwa kumuuliza yeye, na jibu atapewa kwa Kiswahili.